Wikiendi Granada na Mpemba wangu

Naanza na kosa langu kabisa kabla mwenyewe hajalisema, maana najua atasoma: tiketi za Alhambra, zile kasri na ngome za masultani wa zamani huko Granada, nilikata mimi na nilikosea. Mi ndo nilikuwa najifanya mwenyeji, niko Madrid mwaka wa pili sasa, Kihispania cha kuombea maji ninacho, nikamwambia shosti we kata ndege tu mengine yote niachie. Akaniachia kweli.

Shosti mwenyewe ni Mpemba wa Wete, tumekaa chumba kimoja hosteli za Mabibo tukiwa chuo Dar, saa hizi yuko Ujerumani anafanya unesi. Mi Mchaga wa Marangu. Sasa vuta picha Mchaga na Mpemba wanasafiri pamoja, kwenye hela hapo hakuna mjinga. Hiyo tuliimaliza kwenye simu wiki nzima kabla, na ndo kitu pekee cha maandalizi kilichoenda sawa safari hii (na wazo lilikuwa lake): kila mtu anatoa euro 90 taslimu, zinaingia bahasha moja, chakula, basi za mjini, chai, vyote vinatoka humo, bahasha ikikauka tunachanga tena sawa kwa sawa, zawadi kila mtu na mfuko wake. Hakuna nani kalipa kahawa ya jana, hakuna kuandikiana kwenye apu. Mi nimeshawahi kusafiri na watu tukarudi hatusalimiani sababu ya pizza, kwa hiyo nasema kwa uchungu, ongeeni hela kabla hamjapanda basi.

Tulikutana Granada Ijumaa jioni, mwisho wa Februari. Mi nilitoka Madrid na basi, masaa kama matano, nusu ya njia ni mizeituni tu, vilima na vilima mizeituni imepangwa mistari hadi unasinzia. Yeye kashukia Málaga kwa ndege ya bei chee akaunganisha basi. Na mi kwa akili zangu Granada iko kusini, Andalucía, karibu na Afrika kabisa, basi kuna joto, nikaja na kikoti cha jinsi. Jamani. Huo mji uko juu, kama mita 700 toka usawa wa bahari, na nyuma yake kuna milima ya Sierra Nevada imejaa theluji imekutolea macho. Mpemba kashuka na koti hadi magotini, skafu, glovu, akaniangalia mtoto wa Kilimanjaro natetemeka stendi. "Weye si ndo kwenu kwenye theluji?" Sikuwa na jibu, theluji kwetu tunaiangalia kwa mbali, hatulali nayo. Kesho yake nikajitutumua nikamwambia ule mlima mrefu kuliko yote ya hapo, Mulhacén, una mita 3,479 tu, Kibo ni 5,895, akasema sawa mwenzangu, lakini Kibo hakijakununulia koti. Koti nilinunua Jumamosi asubuhi, mfuko wangu, bahasha ilikataa.

Kosa lingine langu ni begi la kuburuta. Chumba nilichukua Albaicín, mtaa wa zamani wa Waislamu, uko kilimani ng'ambo ya mto Darro unatazamana na Alhambra. Kwenye picha mzuri huo, nyumba nyeupe, maua, taa. Picha haikuambii kwamba njia zimetandikwa vijiwe vya mtoni vya mviringo, na zinapanda, halafu ngazi, halafu zinapanda tena. Begi lilikuwa linapiga kelele kama mashine ya kusaga mahindi hadi bibi mmoja akafungua dirisha kuona kuna nini, na gurudumu moja likabaki huko huko. Ramani ya simu nayo ikachanganyikiwa, kila hatua kumi inatugeuza tulikotoka. Mpemba akasema zima hiyo simu, hapa kama Mji Mkongwe tu, vichochoro hivi vina akili yake, ukisikia maji fuata maji, ukiona watu wanatoka na mkate ujue kiwanja hakiko mbali. Dakika kumi tuko mlangoni. Kasoma Unguja huyu, kakaa kwa shangazi yake Malindi ya hapo hapo Mji Mkongwe, nyumba za hivi anazijua, nje ukuta mtupu na uzuri wote umefichwa ndani. Za Albaicín zenye bustani ndani ya ukuta wanaziita carmen, na ukibahatika kukuta mlango uko wazi unachungulia mara moja, mlimao, kisima, paka, mlango unafungwa.

Haya, Jumamosi. Tumepanda mapema, tiketi kwenye simu, pasi mkononi maana tiketi zina jina na namba ya pasi na wanakagua kweli. Dada wa getini akapiga mashine, ikalia vizuri, tukaingia, tukazunguka huko, tumefika kwenye mstari wa zile kasri zenyewe, zile unazoziona kila mahali, simba, nguzo nyembamba, dari kama mzinga wa nyuki. Kijana akapiga mashine ikalia vibaya. Akatuonyesha kwa kidole kwenye simu yangu: Jardines, Generalife y Alcazaba. Yani bustani, Generalife na ngome. Palacios Nazaríes, yani zile kasri zenyewe, hamna. Kumbe tiketi ziko aina aina, ile kamili ina kasri na imeandikwa saa yako ya kuingia kasri, ukichelewa imekula kwako, na hizo huisha mapema sana, na mi nilivyokuta bado hii ipo nikashangilia bila kusoma, nikadhani Alcazaba ndo kasri kwa sababu ya hilo jina kubwa. Alcazaba ni ngome ya askari.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtu katoka Ujerumani, kaomba ruhusa kazini, kabadilishana zamu na watu wawili. Nikaanza kuongea maneno mengi, kuomba msamaha, kulaumu tovuti, kumbembeleza yule kijana ambaye hana kosa lolote. Mpemba akanivuta mkono. "Sasa walilia nini? Twende tukaone tulichokilipia." Na akaanza kutembea, mwendo wake ule wa taratibu kama mtu anaenda kisimani, mwendo ambao chuo ulikuwa unanikera kweli tukichelewa kipindi.

Kwa hiyo tukapanda ngome. Juu ya mnara wa Torre de la Vela unauona mji wote, paa za vigae, theluji kwa nyuma, na kuna kengele kubwa. Tarehe 2 Januari 1492 ndo sultani wa mwisho, wanamwita Boabdil, alikabidhi mji kwa malkia Isabel na mfalme Fernando, Wakristo, na mpaka leo kila tarehe hiyo watu wanapanda kuipiga hiyo kengele, na wasichana wanasema ukiipiga siku hiyo unaolewa ndani ya mwaka. Tukahesabu, tumechelewa miezi miwili. Mpemba akasema ndo maana, bahati yetu nayo uliikatia tiketi weye.

Sasa Generalife. Hapa ngoja nikae kidogo maana watu wengi wanapita mbio kuwahi kasri, na sisi tulikuwa hatuna pa kuwahi. Ilikuwa bustani ya masultani ya kupumzikia, na kitu kinachotembea mle ndani ni maji, yako kila mahali, kwenye mifereji, kwenye vijibirika, na kuna ngazi moja wanaiita Escalera del Agua ambayo mikono ya ngazi imechongwa mfereji juu, maji yanashuka pembeni yako unapopanda. Shosti akavua glovu akaweka mkono kwenye maji akapanda hivyo hivyo hadi juu. Nikauliza mtunza bustani mmoja mzee maji yanatoka wapi, akanionyesha juu huko, mto Darro, wameyachukua mbali kama kilomita 6 wakayaleta kwa mfereji unaofuata ubavu wa mlima. Nikacheka peke yangu. Huo si mfongo! Kwetu Marangu babu zetu walichukua maji juu mlimani wakayashusha kwa mifereji hiyo hiyo, unapiga mahesabu ya mteremko kwa macho, na kila ukoo una siku yake ya kufungulia shambani, ole wako ufungulie siku ya mwenzio. Mi nimekua nazibua mfongo na jembe, sikuwahi kuuona kama ufundi, nilikuwa naona adhabu ya Jumamosi. Tulikaa pale karibu saa nzima, namweleza Mpemba habari za migomba na maji, kwenye ratiba yangu nilikuwa nimeipa Generalife dakika 30.

Kasri la Carlos V ni bure kuingia, lile la duara ndani, mfalme alilipachika katikati ya Alhambra karne ya 16, zuri lakini kama mtu kaja harusini na kofia ya pikipiki. Tukakaa kwenye ngazi tunakula mandarini. Mi bado nimenuna. Yeye kimya yuko na simu, Kihispania hajui hata neno, anatafsiri kwa apu, mara akaniuliza, "Nocturna ni nini?" Usiku. "Basi hapa wameandika kasri usiku, leo, mbili zimebaki." Kumbe Ijumaa na Jumamosi majira ya baridi wanafungua zile kasri usiku, tiketi yake mbali, na bei chini ya ile ya mchana. Bahasha ililipa bila mjadala. Mi mwaka wa pili Uhispania sikujua.

Mchana tukashuka kula. Granada ukiagiza kinywaji wanakuletea na chakula bure, hiyo ni kweli kabisa, tapa, na huchagui, wanaleta wanachotaka. Mpemba hanywi pombe, nikamfundisha aagize mosto, maji ya zabibu yasiyo na kilevi, na tapa inakuja vile vile. Nikamwambia mhudumu sin cerdo, bila nguruwe, akasema hakuna shida. Ikaja sahani ya maharage mapana ya kijani, yananukia, na katikati vipande vyekundu vyekundu. Nikamuuliza hii si nguruwe? Akasema kwa moyo mweupe kabisa, hapana, hii ni jamón. Jamón ni paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi! Yani kwa yule baba nguruwe ni mmoja na jamón ni kiumbe kingine. Tangu hapo nikawa nataja vyote kwa majina, bila nguruwe, bila jamón, bila chorizo (soseji yao ya nguruwe), na tukaletewa biringanya za kukaanga zilizomiminiwa asali ya miwa, acha kabisa, tuliagiza mosto tatu tatu kwa ajili ya biringanya.

Kwenye hiyo meza ndo ulianza mchezo wa maneno ambao haukuisha hadi Jumapili. Alisoma menyu kwa sauti: azúcar. Sukari! Aceituna. Zeituni! Azafrán, zafarani. Limón, limau. Msikiti wanaita mezquita. Meya ni alcalde, na hilo limetoka kwa kadhi. Hata ile hasta ya hasta luego, tutaonana baadaye, ni hata yetu, hatta ya Kiarabu. Bango la bei wanaita tarifa, na hiyo ni ndugu yake taarifa. Na ojalá wanayosema wakitamani kitu kiwe, asili yake inamtaja Allah, wanaisema hadi mapadri. Halafu yako mengine hayakupitia Uarabuni, mesa, bandera, vino, hayo ni mlango wa Mreno, meza, bendera, mvinyo, alituachia pwani. Mi miaka miwili nakariri haya maneno kwenye daftari na tafsiri ya Kiingereza pembeni.

Aibu nyingine fupi. Karibu na kanisa kuu kuna akina mama wanakupa kitawi cha rozmari, zawadi, ukipokea tu kashashika kiganja anakusomea nyota, watoto wawili, safari ndefu, na mkono mwingine anadai hela. Nilitoa euro 5. Mpemba alisimama pembeni anacheka hadi machozi. "Mganga wa Pemba angekuuliza jina la mamako kwanza, huyu hata hakujisumbua."

Alasiri alitaka kusali, tukapanda msikiti wa Granada, ule ulio pembeni ya uwanja wa San Nicolás, ulifunguliwa 2003. Mi nilimsubiri kwenye bustani yao, wageni wanaruhusiwa, Alhambra iko mbele yako nzima, inageuka rangi jua linavyoshuka, na jina lenyewe al-Hamra maana yake nyekundu. Pale uwanjani nje watu mia wanagombania ukuta wa kupigia picha na gitaa linapigwa, hapa ndani ni wazee wawili na kindege. Alipotoka hakusema kitu muda mrefu. Mi Mlutheri, nikakaa kimya naye.

Saa mbili usiku tukaingia kasri. Baridi ile nisiwadanganye, koti jipya na bado. Lakini watu wachache, taa ndogo ndogo za chini, na maji unayasikia kabla hujayaona. Mi nikatoa simu nikaanza kazi, picha, picha, nimefika chumba cha tatu nageuka Mpemba hayupo. Nikarudi, nikamkuta amesimama chumba cha kwanza, pua karibu ukutani, midomo inacheza kama mtoto wa chuo cha Kurani. Alikuwa anasoma. Mi nilikuwa nimeona nakshi. Majani, nyota, kona kona, nzuri, nikapiga picha nikapita. Kumbe nusu ya nakshi ile ni maandishi, na sentensi moja imerudiwa kila mahali, juu ya mlango, kwenye nguzo, ndani ya duara, pembeni ya dirisha, mpaka ukishaijua huwezi tena kutoiona: wa la ghaliba illa Allah. Hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Akanisomea taratibu na kidole hewani bila kugusa, herufi kwa herufi, ghaini, alifu, lamu, be. "Ghalib, mwenye kushinda. Si ndo aghalabu yetu hiyo, kitu kilichoshinda vingine kwa wingi." Akasema yeye huko chuo cha Kurani alisomeshwa kusoma tu, maana alikuwa anaokota okota, bakora ndo ilikuwa nyingi, na hajawahi kufikiria kwamba kuna siku zile herufi zitamfaa Ulaya. Mashairi marefu hakuyaweza yote, akapata neno hapa neno pale, nuru, bustani, maji. Kwenye uwanja wa simba 12, shairi limezunguka bakuli la maji, la Ibn Zamrak, mshairi aliyekuwa pia waziri wa sultani. Tulizunguka lile bakuli kwa mbali kwenye kamba zaidi ya mara tano anatafuta pa kuanzia. Mlinzi akatuangalia, akamuuliza kwa ishara, unaweza kusoma? Akaitikia kidogo. Yule mlinzi akatuacha tukawa wa mwisho kutoka.

Nje kwenye mteremko mi nami nikapata cha kuchangia maana nilikuwa nimezidiwa siku nzima. Nikamkumbusha Ibn Battuta wa kwenye historia ya sekondari, yule aliyefika Kilwa 1331 akausifia mji. Huyo huyo kama miaka 20 baadaye alikuja hapa Granada, karibu 1350. Sultani Yusuf wa Kwanza alikuwa mgonjwa hakumwona, lakini mama yake sultani akamtumia dinari za dhahabu, na kwenye bustani moja ya hapa akakutana na kijana Ibn Juzayy ambaye baadaye ndo alikuja kumwandikia safari zake zote. Kwa hiyo zile sentensi za Kilwa tulizokariri kwa mtihani zimepita kwenye mkono wa mtu wa Granada. Simba hakuwaona, walijengwa baada yake na sultani Muhammad wa Tano. Mpemba akafikiri. "Ina maana yeye naye alifika akakosa kasri." Ndio. "Na hakulia."

Jumapili ilikuwa fupi. Tuliingia Capilla Real, kanisa la makaburi ya kifalme, wamelala Isabel na Fernando, juu marumaru ya kifalme, ukishuka ngazi chini kuna majeneza ya madini ya risasi, meusi, hayana hata pambo, ndo wenyewe wako humo. Alisimama pale akahesabu kwa vidole, 1492 hapa, 1498 Vasco da Gama yuko Mombasa na Malindi. Miaka sita. Hakuongeza neno, akapanda juu. Njiani tukaona tangazo la mchezo wa ng'ombe akasema na kwao Pemba upo, wazee wanasema ni Wareno walileta, ila ng'ombe wa Pemba anachezewa kisha anarudi malishoni, hapa anachinjwa mbele za watu, na ndo kitu pekee alichokikataa katika Uhispania nzima, hicho na jamón.

Stendi tulimwaga bahasha juu ya benchi, zikabaki euro 7 na senti 40. Tukagawana, 3.70 kila mtu, bila aibu. Nilimnunulia komamanga moja sokoni, kwa mfuko wangu, maana granada ni komamanga na mji wote umeyachonga hadi kwenye vinguzo vya barabarani. Akalitia kwenye pochi, akapanda basi lake la Málaga.

Langu halijafika hata nusu saa kwenye ile mizeituni, simu ikaita ujumbe. "Safari ijayo Córdoba. Tiketi nakata mie."